Macho Yaliyoona Dhahabu

Kisaka, Jumapili alasiri

Bhoke mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuagana na wanakwaya wenzako, na ninavyowajua mtaimba mpaka mchungaji awafungie mlango. Nimeona nitumie nafasi hiyo. Sanduku lako liko hapa mbele yangu, limefungwa kwa kamba ya katani kwa sababu zipu yake ilikata tamaa tangu ukiwa sekondari. Kesho asubuhi mama mkwe wako anakuja na gari kukuchukua hadi Sirari, na kutoka hapo mtavuka mpaka kwenda kwa mumeo. Nilikuwa nimepanga kukuandikia ukurasa mmoja wa baraka. Lakini ninalo jambo zito kuliko baraka, na nikilikalia leo nitakuwa nimekuuza.

Sitakuambia namna ya kukaa na watu. Unaijua, na usichokijua majirani watakufundisha kwa kukusema. Sitakuambia upike nini wala ufue lini. Ugali wako una mabonge na mumeo aliula akiwa na macho mawili, kwa hiyo hana pa kupeleka malalamiko.

Jambo lenyewe ni hili. Siku ile tulipokwenda kituo cha afya kuandikisha mimba yako, nesi alikuuliza kama mama yako aliwahi kuugua presha au kifafa cha mimba. Ulinigeukia. Nikatikisa kichwa. Nesi akaandika "hapana" kwenye kadi yako, akaendelea na swali jingine. Nilidanganya, Bhoke. Niliugua, tena nusura nife, na uongo ule sasa umo kwenye mkoba wako na unaweza kukudhuru wewe na huyo uliyembeba. Acha nikueleze tangu mwanzo, maana nikikupa kipande tu utasema mama yako ameanza kuzeeka vibaya.

Kabla hatujahamia huku kulima, mimi na baba yako tuliishi machimboni, upande wa Tarime. Nadhani hujawahi kutusikia tukipataja. Miaka ile dhahabu ilikuwa imewapanda watu kichwani. Ulikuwa unalala ukiwa na shamba la mihogo, unaamka unakuta mwanaume usiyemjua yumo katikati yake anachimba, na akikuona anakusalimia vizuri tu kama mgeni wa kanisani. Walikuja Wasukuma, wakaja Waha, wakaja watu waliokuwa walimu huko kwao. Baba yako wakati huo alikuwa na ndevu tatu kidevuni. Aliacha ng'ombe wa babu yako kijijini Gorong'a, akachukua nyundo na tindo, na mimi nikamfuata kwa sababu nilikuwa mke mpya, na pia kwa sababu nilitaka kuona.

Alipata nafasi kwenye duara la Masanja. Duara ni shimo tu, mwanangu, jina lisikutishe. Watu wanashuka kwa kamba, wanavunja mwamba gizani, na wa juu wanavuta mawe kwa ndoo. Masanja ndiye aliyelisimamia. Alikuwa Msukuma wa Shinyanga, mrefu, mpole, na mtu wa kuamini kila kitu. Aliamini ndoto. Aliamini rangi ya kuku. Aliamini kwamba mtu akipiga chafya akiwa upande wa kushoto wa shimo, siku hiyo mawe yatakuwa matupu. Usimcheke sana. Watu wakichimba gizani miezi mitatu bila kuona kitu huanza kumsikiliza hata panya. Mimi niliwapikia, uji asubuhi na ugali mchana, pale pale juu ya duara, chini ya turubai la bluu lililokuwa likipigwa na upepo kutwa nzima.

Na nilikuwa mjamzito. Ndiyo. Ilikuwa mimba nyingine, iliyokutangulia wewe.

Mimba ilipofika mwezi wa saba miguu yangu ilianza kujaa. Viatu vilinikataa, nikavaa kandambili za baba yako, nazo zikaanza kubana. Uso ukajaa pia, na watu wakasema nimenawiri, kwamba baba yako ananilisha vizuri. Baba yako akatembea na sifa hizo wiki nzima. Kichwa kiliniuma kila siku, kwa mbele, hapa juu ya nyusi. Nikasema ni moshi. Nilipoona hakiachi nikasema ni jua. Mtu akitaka kupata sababu hakosi.

Kisha zikaja zile nyota. Ilikuwa asubuhi, nimeinama nakoroga uji. Nilipoinuka, hewa yote ilikuwa imejaa vitu vidogo vya njano, vinashuka polepole, bila sauti, vinatua juu ya mawe, juu ya ndoo, juu ya mgongo wa baba yako aliyekuwa anafunga kamba kiunoni. Vingine vilielea ndani ya moshi wa jiko bila kuungua. Nilinyoosha mkono nikakishika kimoja, mkono ukarudi mtupu. Sikuogopa hata kidogo. Nakuambia ukweli wangu, Bhoke, sijawahi kuona kitu kizuri namna ile tangu nizaliwe, na wakati mwingine mpaka leo nikiamka kabla ya kuku nalala nimetazama dari nikitamani kukiona tena. Kisha nakumbuka kilikuwa nini.

Nikasema kwa utani, "Jamani, leo mawe yenu yanang'aa kweli."

Masanja alikuwa ameshika bakuli la uji. Aliliweka chini.

"Yanang'aa wapi, mama?"

"Pale," nikasema, nikaonyesha upande wa mkono wa kushoto wa shimo, karibu na kichuguu, kwa sababu ndiko vilikoshukia vingi.

"Unaviona sasa hivi?"

"Naviona. Vinashuka."

Akawageukia wenzake. Hakuna aliyecheka. Baba yako alinitazama kama mtu aliyeoa bila kujua ameoa nani. Siku hiyo hiyo waliacha njia waliyokuwa wakiifuata chini, wakakata kuelekea upande wa kichuguu. Siku ya tatu wakatoa mawe yenye dhahabu. Mpaka leo nasema ilikuwa bahati tu. Wangechimba upande wowote siku zile wangeikuta au wasiikute. Lakini nenda ukawaambie hivyo wanaume kumi na wawili waliokuwa wamelala njaa.

Tangu siku hiyo niliacha kuwa mke wa baba yako Marwa. Nikawa Macho. "Macho ameamkaje leo?" "Macho ameona nini?" Waliniletea kiti chenye mgongo, sijui walikitoa wapi. Walinikataza kubeba maji. Kijiti kilikuwa kinawekwa mkononi mwangu kila asubuhi ili nionyeshe, na nyota zikija nilionyesha, na zisipokuja nilionyesha vilevile. Hapo ndipo nilipoanza kudanganya, na nadhani sikuwahi kuacha vizuri. Watu wa maduara mengine walikuja kunitazama kwa mbali. Mmoja alileta kuku mweupe akaniomba nimguse.

Nataka unielewe hapa, kwa sababu hapa ndipo lilipo kosa langu, na si kwenye ujinga. Nyumbani kwetu Gorong'a tulizaliwa tisa na mimi ni wa nane. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza naonaje jambo lolote. Niliolewa bila kuulizwa naonaje. Halafu ghafla nimekaa kwenye kiti, na wanaume wenye misuli wamesimama mbele yangu na kofia mikononi, wakiniuliza mimi. Ilikuwa tamu, mwanangu. Ilikuwa tamu kiasi kwamba kichwa kilipozidi kuuma nilikificha, ili wasije wakanipeleka mahali ambapo ningekuwa tena mwanamke mgonjwa kwenye foleni.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeona. Mama Atieno, Mjaluo wa Shirati aliyekuwa akikaanga samaki na mandazi hatua chache kutoka kwetu. Alikuja jioni moja, akachuchumaa, akabonyeza mguu wangu kwa kidole gumba. Shimo la kidole likabaki pale pale, halikurudi. Akalitazama kwa muda mrefu.

"Nyathina," akaniambia, ndivyo alivyotuita sote tuliokuwa sawa na wanawe, "mimi nimezaa sita. Miguu hii si ya mimba, ni ya ugonjwa. Kichwa kinauma?"

"Hapana."

"Macho?"

"Macho yangu yanaona kuliko yako."

"Hayo ndiyo yananitisha. Kesho panda gari la mawe uende hosipitali ya Tarime. Nitakupikia hawa watu wako."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia anataka kiti changu. Nilimwambia ananionea wivu kwa kuwa samaki wake hawanunuliki. Nilisema kwa sauti, ili wengine wasikie. Alisimama, akajikung'uta vumbi kwenye kanga, akarudi kwenye kikaango chake. Nimewahi kutukanwa na watu wengi maishani na nimesahau karibu matusi yote, lakini lile nililolitoa mimi silisahau.

Baba yako siku hiyo aliniuliza, "Kwani unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Akashukuru, Bhoke. Niliona anavyoshukuru. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu na kwa mara ya kwanza alikuwa anaona njia ya kuwa mtu. Usimchukie kwa hilo. Tulidanganyana wawili, kila mmoja akiuamini uongo wa mwenzake kwa sababu ulikuwa unamfaa.

Baada ya siku nne hivi nilianza kuumwa hapa chini ya mbavu, upande wa kulia, nikatapika uji. Nyota sasa zilikuwa hazishuki tena polepole. Zilikuwa zinazunguka. Walinikalisha kwenye kiti changu, wakanipa kijiti, Masanja akauliza, "Wapi leo, mama?" Nilinyanyua mkono. Nakumbuka turubai la bluu likiwa kubwa sana, likashuka likanifunika, na ndani yake kulikuwa na ukimya mzuri wa ajabu.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Nilianguka, mwili ukakakamaa, ukaanza kutikisika. Povu likanitoka mdomoni. Baba yako alitaka kunishika, na Masanja akamzuia. Hakumzuia kwa ubaya. Alisema, akimwita kijana kwa lugha yetu, "Tulia, mura, usimguse. Dhahabu ndiyo inaongea. Msikilizeni atasema wapi." Na wanaume wale wote wakainama, wakatega masikio juu ya mwanamke anayekufa, wakingoja ataje mahali pa kuchimba.

Mama Atieno ndiye aliyekuja mbio akiwa na unga wa mandazi mpaka kwenye viwiko. Aliwasukuma, akanilaza ubavu ili nisisongwe na mate, akawapigia kelele, "Nyinyi mna akili? Mnangojea aseme nini, na ulimi anauma?" Alisimamisha gari la mfanyabiashara mmoja lililokuwa limebeba viroba vya mawe, akamwambia dereva amwage viroba au amwagwe yeye. Akapanda nami. Njia nzima hadi hospitali nilishikwa tena mara mbili, kichwa changu kikiwa mapajani mwa mtu niliyemtukana.

Nilipoamka kulikuwa na giza. Nikauliza mbona hamwashi taa. Muuguzi akasema ni saa sita mchana. Macho yangu hayakuona kitu, Bhoke. Sikuona hata mkono wangu. Waliniambia ni ule ugonjwa, kwamba yatarudi, na kweli yalirudi, lakini yalirudi siku ya tano.

Mtoto walikuwa wamemtoa kwa upasuaji ili kuniokoa. Alikuwa wa kiume, mdogo sana, hata kilo mbili hakufika. Waliniletea. Waliuchukua mkono wangu wakauweka juu yake. Niligusa kisigino, kilikuwa kama punje ya hindi bichi. Niligusa sikio. Alikuwa na nywele. Alishika kidole changu, na akakishika kwa nguvu ambayo sikujua imetoka wapi kwenye mwili ule. Aliishi siku mbili. Baba yako na Masanja walikwenda kumzika, mimi bado nikiwa gizani. Nilipoanza kuona, jambo la kwanza nililoliona ni dirisha, na kijivu nje, na hakuna kilichokuwa kinang'aa popote.

Kwa hiyo mimi niliyeitwa Macho sikumwona mwanangu. Huyo ndiye kaka yako. Nilimpa jina kimoyomoyo, Mwita, na wewe ni mtu wa pili kuambiwa.

Masanja alituletea fungu letu hospitalini akiwa analia kama mtoto. Tulihama. Ng'ombe wa kwanza wa boma hili walitokana na upande ule wa kichuguu, na ndiyo maana baba yako anawachunga kwa heshima ya ajabu na hapendi wachinjwe. Mama Atieno nilimwomba radhi nikiwa bado kitandani. Alisema, "Nyathina, nilikuwa na wivu kidogo kweli, kiti kile kilikuwa kizuri." Tulicheka mpaka mshono ukaniuma.

Ulipokuja wewe sikungoja. Nilianza kliniki kabla hata tumbo halijaonekana, nikawaeleza kila kitu, wakanipima presha na mkojo kila nilipokwenda mpaka nikachoka kuonyesha mkono. Mwishoni presha ilipanda kidogo, wakanilaza. Ulizaliwa mchana, kukiwa na jua dirishani. Niliomba wakulete karibu, nikakutazama, nikakutazama, mpaka muuguzi akaniuliza kama natafuta kasoro. Wewe umenitania miaka yote hii kwamba nakukodolea macho ukiwa umelala. Sasa unajua. Nilikuwa natazama wawili.

Basi utauliza, kama niliwaeleza wao, mbona nilikuficha wewe? Mwanangu, ni kwa sababu ya neno kifafa. Huku kwetu kabla ya ng'ombe wa mahari kutoka, watu wanachunguza. Wanauliza ukoo ule una wachawi, una wezi, una kifafa? Na wakisikia "kifafa cha mimba" hawangoji sehemu ya pili. Wangesema damu ya binti yule ina kifafa, ng'ombe wangebaki zizini kwao. Mimi na baba yako tulikubaliana, tukafunga mdomo. Tulidhani tunakulinda. Na siku ile kituoni, mama mkwe wako alikuwa amekaa benchi moja na sisi, amekuja kutoka Sirari na machungwa, anafurahi. Nesi akauliza. Wewe ukanitazama na uso wako uliokuwa unacheka, yeye akanitazama, na kichwa changu kikajitikisa chenyewe. Nilikuwa nimekizoeza miaka ishirini na kitu.

Alhamisi nilirudi kituoni peke yangu. Nilikuambia naenda kusaga. Nilimkuta daktari, kijana mwenye miwani, nikamwambia nina jirani ambaye zamani aliugua kifafa cha mimba, na sasa binti yake ni mjamzito, je, kuna neno? Akavuta kiti akakaa. Nilipenda hivyo, kwamba alikaa.

Alinieleza kitu ambacho hakuna aliyewahi kunieleza. Alisema mimba inapoanza, kondo la nyuma, ile nyama inayomlisha mtoto na kutoka baada yake, linaanza kujitafutia damu kwa mama. Linatoa vichocheo, vitu vidogo sana ndani ya damu, vyenye kazi ya kuotesha mishipa na kuilegeza, ili damu ifike kwa mtoto kwa wingi. Mishipa ya mama ikifunguka vizuri, mtoto anakula. Lakini kuna wakati kondo linashindwa kufungua njia mapema, wala mama hajui, wala hakuna anayejua, maana ni mwanzoni kabisa. Baadaye mtoto anakua, damu haitoshi, na kondo likibanwa linamwaga kwenye damu ya mama kitu kingine kinachovinasa vile vichocheo. Vinapungua. Na kumbe mishipa ya mama mwenyewe, ya figo, ya ini, ya ubongo, inavihitaji pia ili ikae laini. Ikivikosa inakaza na kuvuja. Presha inapanda, mkojo unatoa protini, miguu inajaa, kichwa kinauma.

"Na macho?" nikamuuliza.

"Macho yanaona vimulimuli," akasema. "Vyeupe au vya njano. Ubongo unakuwa unaelemewa."

Nilikaa pale nikitazama ukuta wake. Nyota zangu, Bhoke. Dhahabu iliyokuwa ikishuka juu ya mgongo wa baba yako. Kumbe ni Mwita aliyekuwa ananiambia hana damu ya kutosha, na alinionyesha kwa njia pekee aliyokuwa nayo, na mimi nikachukua kijiti nikawaonyesha watu pa kuchimba.

Nililia mbele ya yule kijana. Alinipa kitambaa cha kufutia mikono. Kisha akasema pole pole, "Hakuna mtu aliyemloga huyo jirani yako, mama. Wala si kifafa cha ukoo. Ila binti wa mama aliyeugua hivyo yuko kwenye hatari zaidi kidogo ya kuugua naye, hasa mimba ya kwanza. Si lazima augue. Lakini tukijua mapema tunampima mara nyingi zaidi, na kuna kidonge kidogo cha kila siku ambacho daktari anaweza kumwanzishia sasa hivi, mimba ikiwa bado changa. Tukichelewa hakisaidii sana. Asijinunulie mwenyewe dukani. Mwambie huyo jirani yako amwambie binti yake." Aliponisindikiza mlangoni akaongeza, "Na mwambie jirani yako alifanya vizuri kuja." Miwani yake haikuwa ya urembo.

Wewe uko wiki ya kumi na tatu. Unaona kwa nini siwezi kungoja.

Sina mengi ya kukufundisha yanayofaa kuitwa mafundisho. Najua tu nilikoteleza. Nilipenda kuulizwa kuliko nilivyopenda kupona. Utakwenda huko, ni watu wazuri, watakusifu, watasema umenawiri, na wewe ukiwa na kichwa kinachouma hutataka kuharibu sherehe. Iharibu. Kichwa kikiuma kisiache, uso na mikono ikijaa ghafla, ukiumwa chini ya mbavu, ukiona kitu kinang'aa ambacho mwenzako hakioni, amka uende, hata kama ugali uko jikoni na wageni wako sebuleni. Na akitokea mwanamke mwenye unga mikononi akakuambia neno usilolipenda, msikilize mpaka amalize.

Nimemwambia baba yako kwamba nakuandikia. Alikuwa anaweka fito kwenye zizi. Alimaliza kufunga ile aliyokuwa ameishika, akauliza, "Utamwambia na ya kumzika?" Nikasema nitamwambia. Akasema, "Mwambie tulimzika kwenye kivuli." Kisha akaenda kunywesha ng'ombe, na sasa hivi namwona kule chini, amesimama tu, ng'ombe wamekwisha kunywa.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kuisukuma barua hii ndani ya sanduku lako, chini ya nguo, uikute huko ng'ambo, usome peke yako, uende kliniki mpya ukajieleze mwenyewe mbele ya watu usiowajua, na mama mkwe wako akiuliza, umjibu wewe. Nimeandika kurasa zote hizi nikiwa na mpango huo. Nimefika hapa nimeona aibu. Ningekuwa nimekupa kijiti uonyeshe wewe.

Kwa hiyo nitakupa mkononi ukirudi, na utaisoma hapa nikiwa nimekaa. Unikasirikie ukitaka, una haki, nitakaa tu. Na kesho nitapanda gari pamoja nanyi. Tutasimama kituo cha afya kwanza, kabla ya barabara kubwa, na mama mkwe wako ataingia nasi, nitamshika mkono mimi mwenyewe. Akitaka kudai ng'ombe wake baadaye, zizi analijua lilipo. Kadi yako itawekwa mezani, nesi atauliza, na wewe safari hii hutageuka kunitazama, kwa sababu nitakuwa nimeanza kusema. Nitasema: mimi ndiye mama yake, niliugua kifafa cha mimba, na Bhoke si mtoto wangu wa kwanza.

Mama yako